Kuikadiria Kaboni Ichukuliwayo na Mito

Autazamaye Mto Ruki pale umiminikapo katika Mto Kongo, jirani na mji wa Mbandaka, huona maji meusi yakijitenga na maji ya kahawia, na pengine hudhani kuwa weusi ule ni taka. Walakini rangi hiyo yatokana na majani, miti na mizizi iliyooza msituni na katika vinamasi vya mboji, ambayo mvua na mafuriko huiloweka mfano wa majani ya chai birikani. Dutu hiyo iliyoyeyuka ina wingi wa kile wataalamu wakiitacho kaboni ogania, yaani kaboni itokayo katika vitu vilivyowahi kuwa hai. Na kwa mujibu wa utafiti uliotangazwa mwaka 2023, bonde la Ruki, ambalo ni sehemu moja tu katika ishirini ya bonde zima la Kongo, hutoa kadiri ya humusi ya kaboni yote iliyoyeyuka katika mto huo mkuu.

Kuipima kaboni iliyomo katika chupa moja si kazi ya kutisha. Maji hupitishwa katika chujio lenye vitundu ambavyo aghalabu havifiki nusu ya sehemu moja katika elfu ya milimita. Kipitacho huhesabiwa kuwa kimeyeyuka, kisaliacho huitwa chembe, nao mpaka huo ni wa mapatano ya wanadamu zaidi kuliko wa maumbile. Kisha maji hutiwa asidi ili kaboni itokanayo na mawe na chokaa itoweke ikiwa hewa, na iliyobaki huunguzwa katika joto la nyuzi 680 hivi, ikapimwa kwa wingi wa kaboni dioksidi itokayo.

Taabu huanza pale mtu atakapo kujua mto umechukua kiasi gani kwa mwaka, maana hapo sharti kipimo cha chupa kizidishwe kwa wingi wa maji yapitayo. Chukua Kongo penyewe pale Kinshasa: maji yake yana wastani wa gramu 10 hivi za kaboni iliyoyeyuka katika kila mita ya ujazo, nayo hupita kiasi cha mita za ujazo 40,000 kila sekunde, basi ni kilo 400 kila sekunde, na kwa mwaka hupata tani milioni 12 na ushei. Hesabu hii hukubali wepesi wake kwa sababu Kongo huivuka ikweta mara mbili, hata upande mmoja ukikaukiwa upande wa pili huwa una mvua, na mto haupandi wala haushuki kwa ghafla.

Kijito cha mlimani hakina stahamala hiyo. Wakati wa kiangazi maji yake hutoka chini sana ardhini, ambako udongo wa madini umekwisha kuinasa kaboni. Mvua kubwa ijapo, maji hupita juu juu, katika mboji na majani makavu, hivi kwamba wingi wa maji na ukali wa kaboni huzidi kwa pamoja, na saa chache za gharika huweza kuchukua kaboni kupita majuma mengi ya utulivu. Kwa hiyo mimi siziamini sana takwimu za vijito zilizotokana na chupa moja kwa mwezi, iliyochotwa, kama ilivyo desturi, siku ya jua ambapo njia hupitika.

Siku hizi huzamishwa vyombo vipimavyo jinsi maji yanavyoumeza mwanga wa urujuanimno, visivyolala usiku wala kuogopa mvua; ila chuma kilichoyeyuka huvihadaa, na uwiano wa rangi na kaboni hutofautiana mto kwa mto, hata kipimo kilichosahihishwa Ruki hakifai kuhamishiwa Tana. Huko Kenya maji huja na udongo mwingi wa nyanda za juu, na wakati wa mafuriko sehemu kubwa ya kaboni ogania husafiri imeshikamana na tope, hivyo ni lile chujio, likiisha kukaushwa, kupimwa kwa mizani na kuunguzwa, litoalo sehemu kubwa ya jawabu.