Je, Wajua? Protini Zinavyotengenezwa Mwilini, na Zinavyozuiwa

Je, wajua kwamba ini lako lina maelekezo kamili ya kutengeneza insulini, lakini halitengenezi hata chembe? Karibu kila seli mwilini hubeba DNA ileile, yenye jeni za protini zipatazo 20,000. Seli ya ini inazo zote, ya ngozi inazo, ya ubongo pia. Hata hivyo insulini hutoka kwenye kundi dogo tu la seli za kongosho. Ini na ngozi hutofautiana kwa yale ambayo kila moja imeyanyamazisha, na leo tutazungumza sana kuhusu kunyamazisha huko.

Wajua kwamba sehemu ya DNA inayoeleza protini haifiki hata asilimia 2? Katika hiyo iliyobaki zimo sehemu nyingi ambazo kazi yake ni kuamua jeni ipi isomwe, lini, na mara ngapi. Wapo wataalamu walioiita takataka. Siku hizi wanaolitumia neno hilo hulitumia kwa uangalifu.

Kwa aliyesahau biolojia ya sekondari: jeni hunakiliwa ndani ya kiini cha seli, nakala hiyo huitwa RNA mjumbe, nayo hutoka nje ya kiini. Huko ribosomu huisoma herufi tatu tatu, na kwa kila tatu huongeza asidi amino moja, kama shanga zinavyotungwa kwenye uzi. Asidi amino za kawaida ni 20. Mnyororo ukikamilika hujikunja kuwa umbo lake, na umbo ndilo linaloipa protini kazi. Basi, tuendelee.

Wajua kasi yenyewe? Ribosomu ya binadamu huunganisha asidi amino tano au sita hivi kwa sekunde. Ya bakteria anayekua haraka hukaribia 20. Insulini huanza na asidi amino 110, kisha hukatwa hadi zikabaki 51, kwa hiyo mnyororo wake hauchukui hata nusu dakika. Titini, protini ya misuli iliyo ndefu kuliko zote mwilini, ina zipatazo 34,000. Piga hesabu: ni saa moja na nusu hadi saa mbili kwa mnyororo mmoja! Seli haikai kusubiri. Ribosomu nyingi huisoma nakala moja kwa pamoja, zikifuatana nyuma kwa nyuma.

Na gharama je? Kila asidi amino moja inayoongezwa huigharimu seli vifungo vinne hivi vya nishati. Kwa bakteria anayekua, hakuna kazi inayokula nishati kuliko hii. Kutengeneza protini isiyohitajika ni hasara, na bakteria mwenye hasara hupitwa na wenzake.

Wajua basi nani aliyegundua jinsi bakteria anavyojizuia? Ni Jacques Monod wa Ufaransa, na jambo lilianza na grafu ya ajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwalisha bakteria sukari mbili pamoja, glukosi na laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa. Bakteria waliongezeka, wakasimama, kisha wakaanza kuongezeka tena. Walikuwa wamemaliza glukosi kwanza, na ule muda wa kusimama ulikuwa wa kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja laktosi, ambavyo hadi hapo hawakuwa wamejisumbua kuvitengeneza vya kutosha. Akiwa na François Jacob katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alikuja kueleza sababu mwaka 1961: kuna protini inayokaa juu ya DNA na kuizuia jeni isisomwe. Laktosi ikiingia, kizuizi huachia. Laktosi ikiisha, hurudi pale pale. Wawili hao na mwenzao André Lwoff walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, wakati kizuizi chenyewe kilikuwa bado hakijashikwa na mtu. Kilipopatikana mwaka uliofuata, ilionekana kwamba bakteria mmoja hana zaidi ya molekuli kumi hivi za kizuizi hicho. Kumi tu, na zinatosha kuitawala kazi nzima.

Sasa njoo kwako. Wajua kwamba watu wazima wengi duniani hawawezi kumeng'enya maziwa mabichi vizuri? Mtoto mchanga hutengeneza laktezi, kimeng'enya cha kuvunja laktosi, na baada ya kuachishwa ziwa jeni yake huzimwa taratibu. Jeni haijaharibika. Imezimwa tu. Lakini kwa wengi wa wafugaji wa asili haizimwi. Mwaka 2007 timu ya mtafiti Sarah Tishkoff ilichapisha uchunguzi wa watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan, ikakuta miongoni mwa wafugaji badiliko la herufi moja ya DNA. Herufi hiyo haimo kabisa ndani ya jeni ya laktezi. Iko umbali wa herufi 14,000 hivi kabla yake, ndani ya jeni jirani, mahali pa kuamua kuwasha na kuzima. Wazungu wa kaskazini nao wana badiliko lao, herufi nyingine karibu na hapo hapo, na Uarabuni kwenye maziwa ya ngamia kuna lingine tena. Ng'ombe, ngamia, mabara tofauti, na kila mahali kilichobadilika ni swichi. Kimeng'enya chenyewe kimebaki vilevile. Na kama tumbo lako hukataa maziwa lakini hukubali mtindi, hujalogwa: bakteria wa mtindi wamekwisha kuila sehemu ya laktosi.

Wajua kwamba kundi la damu O, kwa wengi wenye nalo, limetokana na herufi moja iliyodondoka? Jeni ya kundi A hutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari fulani juu ya chembe nyekundu. Toa herufi moja, na kwa kuwa ribosomu husoma tatu tatu, kila kitu baada ya hapo husomwa vibaya mpaka inakutana na alama ya kusimama kabla ya wakati. Kimeng'enya hakipatikani. Mamilioni ya watu wanaishi salama salimini na pengo hilo.

Alama za kusimama ni tatu, kati ya mafungu 64 yanayowezekana ya herufi tatu. Yaliyobaki, 61, yanagawanywa kwa asidi amino 20, kwa hiyo nyingi zina zaidi ya fungu moja. Wajua fungu la kwanza lilivyojulikana? Mwezi Mei 1961, huko Bethesda nchini Marekani, Heinrich Matthaei, aliyekuwa akifanya kazi na Marshall Nirenberg, alitia RNA ya bandia yenye herufi U peke yake katika mchanganyiko wa bakteria waliopasuliwa. Ilitoka protini yenye asidi amino ya aina moja tu, fenilalanini. UUU ikawa imesomeka. Agosti mwaka huo Nirenberg aliyasema hayo Moscow katika chumba chenye watu wachache, kwani hakuna aliyemjua. Mwanasayansi mashuhuri Francis Crick aliposikia, alihakikisha Nirenberg anapewa nafasi ya kurudia mbele ya ukumbi mkubwa.

Mafungu hayo yana maana moja karibu kwa kila kiumbe hai, mchicha, mbu au wewe. Ndiyo sababu mwaka 1978 jeni ya insulini ya binadamu iliweza kutiwa ndani ya bakteria naye akaisoma bila shida. Dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1982. Kabla ya hapo, wenye kisukari walitegemea kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Wajua kinachotokea asidi amino moja tu ikikosekana? Kuna tisa ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana upungufu wa mbili, laisini na triptofani. Ribosomu ikifika mahali pa laisini na laisini hakuna, hairuki kwenda mbele. Seli ina protini inayotambua uhaba huo, nayo hupunguza utengenezaji wa protini karibu zote mpaka hali itengemae. Maharage yana laisini tele lakini yana methionini kidogo, ambayo mahindi yanayo zaidi. Aliyebuni makande hakuwa na maabara. Si lazima viliwe katika sahani moja, mlo wa mchana ukiufidia wa asubuhi inatosha, lakini mtoto anayeshindia uji mtupu wa mahindi siku nenda siku rudi anapungukiwa hata tumbo likiwa limejaa.

Sasa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na hapa tukae kidogo. Mnyororo mmoja wa himoglobini, protini ya chembe hizo, yaani ule wa beta, una asidi amino 146. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba himoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu, na baadaye ikajulikana ni ya sita kwenye mnyororo huo. Kwa nini kosa hilo halikufutika vizazi na vizazi? Jibu lilitoka kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949 akaona wabebaji wa jeni hiyo ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Akaifananisha ramani hiyo na ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa.

Lakini wajua kwamba mtoto mwenye selimundu huzaliwa bila dalili, na huanza kuumwa akikaribia nusu mwaka? Tumboni alikuwa akitumia himoglobini nyingine, ya kijusi, ambayo haina mnyororo wa beta kabisa. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huinyamazisha jeni ya kijusi, na ile ya utu uzima hushika zamu pamoja na kosa lake. Wazo likaja lenyewe: mnyamazishe mnyamazishaji. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba inayochukua seli za uboho wa mgonjwa, kukata mahali panapoiwasha BCL11A katika seli zinazozaa chembe nyekundu, na kuzirudisha. Himoglobini ya kijusi hurejea. Kosa la asidi amino ya sita halikuguswa hata kidogo! Bei nchini Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako huzaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu. Kwa sasa, kwetu sisi, habari ya maana zaidi ni haidroksiurea, dawa ya kumeza ya zamani, ambayo nayo huongeza himoglobini ya kijusi kwa wagonjwa wengi, kwa bei isiyo ya kichaa.

Wajua kwamba ule mmea wa nyonyo unaoota ovyo kandokando ya barabara una sumu inayoua kwa kuharibu ribosomu? Risini, protini iliyomo kwenye mbegu, hung'oa herufi moja kati ya maelfu yaliyomo katika RNA ya ribosomu, na molekuli moja yake huweza kulemaza ribosomu zaidi ya elfu moja kwa dakika. Mafuta yaliyotayarishwa vizuri hayana, kwani risini haiyeyuki kwenye mafuta na joto huiharibu. Mbegu ndizo za kuwekwa mbali na watoto.

Dondakoo nayo huua kwa njia ya karibu na hiyo: sumu yake hukwamisha protini inayoisaidia ribosomu kusogea mbele. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 1978 kwamba sehemu tendaji ya sumu hiyo, molekuli moja tu ikiingia ndani ya seli, yatosha kuiua. Kinga yake imo katika chanjo ya pentavalenti.

Na dawa? Doksisaiklini, azithromaisini, jentamaisini: zote hushambulia ribosomu za bakteria, ambazo zina umbo tofauti na zetu kiasi cha dawa kuweza kuzibagua. Amoksisilini haimo humo; yenyewe huzuia bakteria kujenga ukuta wake.

Wajua kwamba kuna protini ambayo seli huitengeneza mfululizo na kuivunja dakika chache baadaye, mchana na usiku? Inaitwa HIF. Oksijeni ikiwapo, hubandikwa alama na kuharibiwa. Oksijeni ikipungua, uharibifu husita, HIF hujaa, na figo huamrishwa kutoa homoni ya kuongeza chembe nyekundu. Ni ubadhirifu, ndiyo, lakini seli inayopungukiwa na hewa haina muda wa kuanza kutunga mnyororo upya. Walioeleza utaratibu huu walipata Nobel mwaka 2019. Wanariadha wanaofanya mazoezi Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wanautegemea kila asubuhi.

Chembe nyekundu zenyewe, zikikomaa, hutupa kiini na ribosomu zote. Haziwezi tena kutengeneza wala kurekebisha protini yoyote, na huishi siku 120 hivi kwa akiba ziliyoondoka nayo.

Wajua protini za zamani kuliko zote mwilini mwako ziko wapi? Katikati ya lenzi ya jicho. Zilitengenezwa kabla hujazaliwa, na seli zake hazina tena kiini wala ribosomu, kwa hiyo hazibadilishwi kamwe. Kwa sababu hiyo lenzi huweza kutaja umri: mwaka 2016 wanasayansi walipima kaboni katika lenzi za papa wa Greenland wakakadiria kwamba mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka isiyopungua 272. Kwa binadamu, protini hizo zikichoka kwa miongo ya mwanga na umri huanza kugandamana, lenzi hupata ukungu, na hospitali huuita ugonjwa huo mtoto wa jicho.