Kibanda cha kurekodia cha nini, na kabati la mama lipo?

Kaa kitako, leo nina kisa cha sanduku.

Msimu wa karafuu uliopita mimi na binamu yangu tulipanda mikarafuu kama kima, hukuhuku Wete, tukilipwa kwa pishi. Wenzetu walinunua simu na viatu. Sie tukajifanya wajanja, pesa yote tukaitia kwenye plaiwudi, misumari na trei za mayai. Ati tunajenga kibanda cha kurekodia sauti! Tulikuwa tumeona picha za studio kubwa, mwimbaji yuko nyuma ya kioo na hedifoni masikioni, tukajiambia bila ya kibanda wewe si msanii.

Jamani! Kibanda chenyewe upana wake mita 1. Binamu akaingia, nikafunga mlango. Ubeti wa pili tu, jasho chapachapa. Feni huwezi kuwasha, itaingia kwenye maiki. Mama yake akachungulia: "Wanangu, mwataka kufa humo?"

Tuliposikiliza, sauti inavuma kama mtu kaimba ndani ya pipa. Na jogoo wa jirani naye yumo, tena kajitokeza kuliko mwimbaji! Mimi nilicheka, lakini binamu hakucheka. Aliamini sauti yake ndiyo mbovu. Wiki mbili hakuimba hata bafuni.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma. Kumbe tulichanganya mambo mawili. Kuzuia kelele za nje ni kazi ya uzito: ukuta mnene na mlango usiopitisha hata upepo. Trei ya mayai ni karatasi tu, inapunguza kidogo zile sauti kali za juu, lakini besi inapita kama haijaona kitu. Kuua mwangwi wa ndani ni kazi nyingine, nayo inataka vitu laini na vinene.

Tena sanduku dogo lina ugonjwa wake. Sauti inagonga kuta mbili zinazotazamana, inarudi, inagonga tena. Kuta zikiachana mita 1, mvumo unaamka kwenye mitetemo kama 170 kwa sekunde, papo hapo sauti ya binadamu inapokaa. Ndilo lile pipa letu!

Basi bwana, sanduku tukalivunja. Tukamwomba mama kabati lake lililojaa mabuibui na kanga, tukafungua milango yote miwili. Binamu akasimama mgongo kwa kabati, ubavuni tukasimamisha godoro la sufi. Maiki inasikia zaidi mbele yake kuliko nyuma, kwa hiyo mgongo wake tukaupa dirisha, na uso wake ukamtazama binamu na zile nguo. Mdomo na maiki, shubiri moja. Tukangoja saa tano usiku, jogoo kalala, bodaboda zimekwisha.

Wallahi, sauti ilitoka safi! Binamu alijisikiliza mara tatu, kisha akaniuliza: "Yakhe, huyu ni mimi?"

Wala si sisi wa kwanza. Billie Eilish wa Marekani na kaka yake Finneas walirekodi albamu ya 2019 kwenye chumba cha kulala, nyumbani kwao Los Angeles, na 2020 ikashinda Grammy ya albamu ya mwaka. Siti binti Saad wetu alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kuzifuata mashine za HMV. Leo mashine imekufuata wewe kitandani, nawe unaikimbilia kwenye sanduku!

Sisemi kibanda ni haramu. Kama unapokea wateja kutwa nzima, nyumba iko barabarani na wapigaji wanapiga pamoja na mwimbaji, jenga, lakini jenga kikweli, kizito na chenye nafasi. Mvua ya masika juu ya bati, hiyo ngoja ipite tu.

Ila wewe wa chumba kimoja, usitupe pesa ya jasho kwenye mbao, halafu ukalaumu koo lako. Sauti ikitoka mbovu, kikague chumba kwanza.

Plaiwudi? Mama kafanyia banda la kuku. Mpaka wiki ijayo, inshallah.