Mfumo Huria kwa Kompyuta ya Nyumbani: Chagua Unaoweza Kuishi Bila Mega

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha viraka vya usalama vya bure vya Windows 10. Windows 11 iliyochukua nafasi yake inadai RAM ya GB 4 au zaidi, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, yaani zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Mwenye kompyuta ya zamani anaweza kujiandikisha apate viraka kwa mwaka mmoja wa ziada, kisha basi.

Kompyuta inayofika hapa kwetu Kamina, Kongo, mara nyingi imekwisha kutumika mahali pengine, na nyingi za namna hiyo hazitimizi masharti hayo. Hata hivyo bado ni nzima. Mwalimu anaandalia masomo humo, mwanafunzi wa Université de Kamina anaandikia kazi yake ya kumaliza masomo, familia inahifadhi picha za arusi na matanga. Kuitupa ni hasara. Kuendelea na Windows isiyotunzwa tena, au iliyowekwa kwa ufunguo wa wizi, ni kuacha mlango wazi. Njia ya tatu ni kuweka mfumo endeshi huria, wa bure na halali. Swali linalobaki ni upi, maana iko mingi.

Orodha nyingi za mifumo bora huandikwa na watu ambao intaneti yao haikatiki wala umeme wao haukatiki. Wao hulinganisha uzuri wa skrini na wingi wa programu za kupakua. Sisi tuna kipimo kingine kinachotangulia: mfumo huu utafanyaje siku mega za intaneti zimekwisha, umeme wa SNEL haupo, na kazi inatakiwa kesho asubuhi? Ushauri wote ulio hapa chini unatoka kwenye swali hilo.

Uhuru unaotufaa zaidi

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kugawa nakala zake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Kiini hicho na programu za GNU vikaunganishwa, na makundi mbalimbali ya watu yakaanza kutengeneza mifumo kamili juu yake: Debian tangu mwaka 1993, Ubuntu tangu 2004, Linux Mint tangu 2006, na mingine mingi. Kila mmoja huitwa toleo la Linux. Ni kama reli yetu: injini moja inaweza kuvuta mabehewa ya namna nyingi, na abiria huchagua behewa, si injini.

Katika haki hizo nne, ya kugawa nakala ndiyo inayotufaa zaidi Kamina. Mtu mmoja akipakua mfumo Lubumbashi kwenye intaneti nzuri, akautia kwenye flashi na kupanda nao treni, mtaa mzima unaweza kuutumia bila mtu yeyote kuvunja sheria. Gharama ya kupakua hulipwa mara moja, na nakala huenda mkono kwa mkono. Kwa Windows kitendo hichohicho ni wizi wa leseni, na nakala za namna hiyo mara nyingi huja na programu za kuvunja kufuli ambazo ndani yake zimefichwa virusi.

Pima mashini kwanza

Kabla ya kuuliza mfumo gani, jua una mashini gani. Kama ina Windows ya Kifaransa, fungua Paramètres, kisha Système, uende sehemu ya maelezo ya mashini. Andika mambo mawili: kiasi cha RAM, na kama prosesa ni ya biti 64 au 32.

Kama ni ya biti 64 na ina RAM ya GB 4 au zaidi, pendekezo langu ni Linux Mint, katika sura yake nyepesi inayoitwa Xfce. Watengenezaji wake wanataja GB 2 kuwa kiwango cha chini na GB 4 kuwa kiwango cha kutumia kwa raha, pamoja na nafasi ya GB 20 au zaidi kwenye diski. Aliyezoea Windows hapotei: menyu iko chini kushoto, mafaili yanafunguka kwa namna aliyoizoea, na programu za ofisi, kivinjari na kicheza muziki zimekwisha kuwekwa. Matoleo ya Mint 22 yanatunzwa hadi mwaka 2029.

Kama RAM ni kati ya GB 2 na 4, nenda kwa Debian yenye Xfce au LXQt. Debian haina haraka ya mambo mapya, na kwa mtu wa nyumbani hiyo ni sifa njema: kilichofanya kazi jana kitafanya kazi mwakani. Uangalie pia Emmabuntüs, iliyojengwa juu ya Debian na Wafaransa waliotaka kufufua kompyuta zinazotolewa kwa jumuiya za misaada za Emmaüs. Imefikiriwa kwa mashini kuukuu na kwa watu wanaosoma Kifaransa, na imekwisha kutumika kwenye vituo vya kompyuta vya Togo.

Kama RAM iko chini ya GB 2, au prosesa ni ya biti 32, chaguo linalobaki ni dogo: antiX, au Debian 12. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Mashini ya namna hii itaandika barua, itafungua PDF na kucheza muziki. Kurasa nzito za intaneti zitailemea, na mfumo wowote utakaouweka hautabadilisha hilo. Ukipata fedha kidogo, ongeza RAM au badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD ndogo. Hakuna matengenezo mengine yanayoharakisha kompyuta kuukuu kwa kiasi hicho.

Hesabu ya mega

Ubuntu ni mfumo mzuri na ndio unaojulikana zaidi, lakini kwa mtu anayenunua mega kwa simu siuweki mbele. Faili lake la kusakinishia limepita GB 5, huku la Mint Xfce likiwa karibu GB 3. Tena, Ubuntu hutoa baadhi ya programu, kikiwemo kivinjari cha Firefox, kwa mtindo uitwao Snap, na Snap hutafuta masasisho yenyewe mara nne kwa siku. Penye intaneti isiyo na kikomo huo ni ulinzi mzuri. Hapa unaweza kununua forfait asubuhi na kukuta imeliwa kabla hujafungua ukurasa mmoja. Mint iliamua mwaka 2020 kutoweka Snap, na meneja wake wa masasisho, kwa kawaida yake, hukuonyesha kilichopo na ukubwa wake kisha hukusubiri uamue.

Debian nayo ina jambo linalotufaa sana. Pamoja na kisakinishi kidogo kinachopakua kila kitu mtandaoni, hutoa faili la DVD la GB 4 hivi lenye mazingira kamili ya kazi pamoja na LibreOffice. Kwa faili hilo unasakinisha kompyuta kuanzia mwanzo hadi mwisho bila mega hata moja.

Masasisho hata hivyo hayaachwi. Yapange: mara moja kwa mwezi, na mega zikiwa chache anza na kivinjari, kwa kuwa ndicho kinachokutana na hatari za mtandao. Ukitumia amri ya apt-get, vifurushi ulivyopakua hubaki katika folda ya /var/cache/apt/archives. Vinakili kwenye flashi, na jirani mwenye mfumo na toleo kama lako atavitumia bila kupakua upya. Hapo haki ya kugawa nakala inageuka kuwa fedha iliyobaki mfukoni.

Jaribu kabla ya kufuta

Mint, Emmabuntüs na antiX huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Tumia nafasi hiyo. Tayarisha flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus kwenye Windows, zima mashini, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP nyingi. Mfumo ukiwaka, kagua waifai, sauti, mwanga wa skrini, kamera na printa. Kinachofanya kazi hapo kitafanya kazi baada ya kusakinisha.

Waifai ndiyo husumbua zaidi, hasa kadi za Broadcom ambazo draiva yake hupakuliwa baadaye. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na Linux kwa kawaida itaitambua papo hapo. Ukiisha kupata draiva, waya unauondoa.

Angalia kibodi pia. Laptopu zinazotoka Ubelgiji zina AZERTY ya Kibelgiji, ambayo alama zake nyingi haziko mahali pamoja na zile za Ufaransa. Chagua mpangilio sahihi wakati wa kusakinisha, la sivyo nywila utakayoandika siku ya kwanza haitakuwa ile uliyodhani.

Kisha nakili picha, barua na kazi zote kwenye diski nyingine, uzifungue huko kuhakikisha zinasomeka. Kusakinisha kwa kufuta diski hakuna kurudi nyuma. Na kama faili la mfumo umepewa na mtu, linganisha alama yake ya SHA256 na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Zikitofautiana hata herufi moja, ama limeharibika njiani ama limechezewa. Usilitumie.

Kazi yako ndiyo mwamuzi

LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na kwa barua, ripoti na matokeo ya shule inatosha kabisa. Hati ndefu yenye majedwali na maelezo ya chini inaweza kuhama mistari ikifunguliwa kwenye Word ya mwingine. Kwa hiyo unapoipeleka kwenye kibanda cha kupiga chapa, ipeleke ikiwa PDF.

Kuna watu ambao sitawashauri wahame. Mhasibu anayetumia programu ya Sage kwa hesabu za mfumo wa OHADA, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2012, abaki na Windows, au aweke mifumo yote miwili kwenye diski moja na kuchagua kila anapowasha. Mwenye printa ambayo mtengenezaji wake hakutoa draiva za Linux aijaribu kwanza. HP nyingi hazina shida.

Kuhusu virusi, vile vya Windows vinavyozunguka kwenye flashi na kugeuza mafolda kuwa njia za mkato havitawaka kwenye Linux. Lakini flashi yako inaweza kuvibeba hadi kwa jirani mwenye Windows, basi ukiona faili geni lifute.

Umeme ukikatika ghafla, mifumo hii huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa mafaili kwenye diski, na mara nyingi itawaka tena bila kuharibika. Sentensi ambazo hukuhifadhi ndizo zinazopotea. Weka LibreOffice ijihifadhi kila baada ya dakika 5.

Lugha na maktaba

Mifumo yote niliyoitaja ina Kifaransa kamili. Kiswahili kipo kwa sehemu, na tuna deni kwa walioanza: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Iwashe, hasa kama unaandika barua za kanisa au za chama.

Ongeza pia Kiwix. Ni programu huria inayofungua Wikipedia nzima, ya Kifaransa au ya Kiswahili, kutoka kwenye diski bila intaneti. Wikipedia ya Kifaransa pamoja na picha inadai makumi ya gigabaiti, lakini ikishaingia mara moja, mwanafunzi anaweza kutafuta saa kumi za usiku bila kulipa chochote.

Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili: Mint Xfce kama RAM inatosha, Debian au Emmabuntüs kama haitoshi, antiX kama mashini ni dhaifu kabisa. Ila kabla ya kuamua, uliza nani karibu nawe anatumia nini. Mfumo ambao jirani anaujua na anaweza kuutengeneza unakufaa kuliko ulio bora kwenye karatasi usiojulikana na mtu mtaani. Shule, parokia na vyuo vya Kamina vinaweza kurahisisha jambo hili kwa kazi ndogo: kutunza diski moja yenye mafaili ya mifumo hii minne, masasisho ya mwezi na Wikipedia ya Kiwix, na kumruhusu kila anayekuja na flashi anakili. Leseni inaruhusu, na diski ya namna hiyo inagharimu kidogo kuliko kompyuta moja mpya.