Gamba laini la kobe, na mifupa ya mtoto wako

Nilikwenda nyumbani kwa mama mmoja kumpima mtoto uzito, na kaka zake wakaniletea kobe wao niwaambie anaumwa nini. Alikuwa mdogo, wa kuenea kiganjani. Nilipombonyeza pembeni, gamba likabonyea. Mimi ni muuguzi, si daktari wa mifugo, lakini niliuliza anakaa wapi na anakula nini. Anakaa ndani ya boksi chini ya kitanda, anakula wali na mkate.

Wengi hudhani gamba ni nyumba tu ambayo kobe anaibeba. Kumbe ni mfupa, umeungana na mbavu na uti wa mgongo wake, na juu umefunikwa na kitu cha aina moja na kucha zetu. Mfupa huo unahitaji madini ya kalsiamu. Kalsiamu ya chakula haiingii mwilini vizuri bila vitamini D, na vitamini D hutengenezwa ngozi inapopigwa na jua. Kobe anayefungiwa gizani huishia kula akiba ya mifupa yake mwenyewe: gamba linalainika na kupinda, miguu inakosa nguvu. Kumweka dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika.

Gamba lililoota vinundu kama vilima vidogo ni jambo jingine. Watu hulaumu chakula, lakini utafiti wa mwaka 2003 kwa kobe wachanga wa Kiafrika ulionyesha kuwa hewa kavu ya mahali wanapokaa ilichangia zaidi kuliko protini. Vinundu vikishaota havirudi chini.

Kisha nikampokea mtoto. Miezi 14, hajaanza kusimama, vifundo vya mikono vimevimba. Mama alikuwa hamtoi nje, na akimtoa amemfunika gubigubi, kwa kuogopa baridi na macho ya watu. Sikumlaumu, wengi tumelelewa hivyo. Lakini mifupa ya mtoto huyu ilikuwa inakosa kilekile alichokosa kobe.

Ugonjwa huu kwa watoto ndio matege. Miguu kupinda kidogo kabla ya miaka miwili mara nyingi ni kawaida. Mpeleke kituo cha afya ukiona imezidi kupinda baada ya umri huo, au mguu mmoja tu umepinda, au vifundo vimevimba, meno yamechelewa, au utosi haujafunga hata baada ya mwaka na nusu. Usimfunge vijiti miguuni wala kumnunulia vidonge kwa kubahatisha, maana vitamini D ikizidi nayo inadhuru.

Maziwa ya mama ni chakula bora, usiache kunyonyesha, ila yana vitamini D kidogo. Kwa hiyo mtoe mtoto nje kila siku kwa muda mfupi, mikono na miguu ikiwa wazi, bila kumwacha aungue. Jua peke yake nalo halitoshi. Nchini Nigeria, ambako jua si haba, watafiti wamekuta watoto wenye matege kwa sababu chakula chao kilikosa kalsiamu. Uji mtupu wa mahindi hauna kalsiamu ya kutosha. Mtoto aliyefikisha miezi sita saga dagaa wakavu pamoja na mifupa yao, uchanganye kwenye uji wake.

Yule mtoto nilimwandikia rufaa siku ileile. Kobe niliwaambia wampeleke kwa daktari wa mifugo, na baba yao aende ofisi ya wanyamapori, kwa kuwa kumfuga kobe wa porini bila kibali ni kosa, Kenya na Tanzania pia. Kabla hawajaondoka niliwanawisha wote kwa sabuni. Kobe anayeonekana mzima anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoleta kuhara na homa kali. Walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa, na asiogeshwe kwenye beseni la vyombo.