Mji Tumeusikia, Ndege Inatua Wapi?



Swali la mwezi huu limetufikia kwa sura nyingi. Mama mmoja anauliza: "Mwanangu anasema yuko Bowling Green. Ndio wapi huko, na ndege ilimshusha wapi?" Baba anauliza: "Mdogo wangu yuko Portland. Nimeangalia ramani nikaona Portland mbili. Yeye yuko ipi?" Na wako wanaotaka kujua njia ya kwenda Bukavu au Uvira siku amani ikirudi. Wote wana jina la mji mkononi. Lakini jina la mji peke yake, jamani, halitoshi.

Basi tumeona tueleze namna ya kutafuta uwanja wa ndege ulio karibu na mji usioujua, kwa kutumia programu za kupangia safari za ndege, zile wanazotumia marubani. Baadhi yake ni za bure, na vijana wetu wanaoshinda kwenye kompyuta wanaweza kuzifungua leo hii. Ila tuseme mapema: programu hizi zinajua anga. Barabara, mpaka na vita hazivijui. Hayo lazima tuulize watu.

JINA MOJA, MIJI MIWILI

Marekani wana tabia ya kurudia majina ya miji. Kuna Portland ya jimbo la Maine, upande wa mashariki kabisa, na Portland ya jimbo la Oregon, upande wa magharibi. Kati yao ni zaidi ya kilomita 4,000 kwa ndege. Kuna Columbus ya Ohio na Columbus ya Georgia. Na hiyo Bowling Green ya mama yetu, iko ya Kentucky na iko ya Ohio. Kwa hiyo mtu akikutajia mji, usikate simu kabla hujamuuliza: jimbo gani?

Dawa ya mkanganyiko huu ni herufi tatu. Karibu kila uwanja unaopokea ndege za abiria una herufi zake tatu, na hakuna viwanja viwili vinavyotumia zile zile. Entebbe ni EBB, Bujumbura ni BJM, Kigali ni KGL, Nairobi ni NBO. Portland ya Maine ni PWM, ya Oregon ni PDX. Columbus ya Ohio ni CMH, ya Georgia ni CSG. Herufi hizi utaziona kwenye tiketi, na kwenye kile kikaratasi wanachofunga kwenye mzigo wako. Msitupe hicho kikaratasi njiani. Mzigo ukipotea, ndicho shahidi wako.

Marubani nao wana herufi nne, na hizi ndizo utazikuta sana kwenye programu zao. Entebbe ni HUEN, Bujumbura ni HBBA. Herufi mbili za mwanzo zinataja nchi: HU ni Uganda, HB Burundi, HR Rwanda, HT Tanzania, HK Kenya, na FZ ni Kongo yetu. Ukishazijua, ukiangalia orodha unatambua mara moja uwanja uko upande gani wa mpaka.

FANYA HIVI

1. Pata jina kamili: mji, jimbo au mkoa, na nchi. Liandike kwenye karatasi vile linavyoandikwa huko, siyo vile linavyosikika kwenye simu.

2. Kwenye kompyuta fungua SkyVector, ambayo ni ramani ya marubani isiyolipiwa. Kama herufi za uwanja unazo, ziandike sehemu ya kutafutia. Kama huna, sogeza ramani mpaka uuone mji wenyewe, kisha bofya hapo kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Itatokea orodha ya viwanja vya jirani.

3. Usishangae kuona viwanja vingi. Marekani ina maelfu ya viwanja, vingine ni vya mkulima na ndege yake moja. Vyenye safari za kawaida za abiria ni kama 500 tu. Kwenye ramani za Marekani, uwanja wenye mnara wa kuongozea ndege huchorwa kwa bluu, na usio na mnara kwa rangi ya zambarau iliyoelekea wekundu. Bluu ni dalili nzuri, lakini siyo hakikisho kwamba ndege ya abiria inatua pale. Tafuta pia jina la uwanja kwenye intaneti uone kama kuna ratiba ya abiria.

4. Pima umbali. Angalia vizuri hapo, maana marubani wanapima kwa maili za baharini, na maili moja ni kilomita 1.852. Ukiona 50, ujue ni kama kilomita 93.

5. Mwisho, uliza barabara. Programu inapima mstari ulionyooka kama ndege anavyoruka. Basi halirukii ziwa wala mlima.

KILICHO KARIBU SIYO LAZIMA KIWE CHENYEWE

Tuanze na hapa Uganda. Ukitafuta uwanja wa karibu na Kampala mjini, ramani itakuonyesha Kajjansi kabla ya Entebbe. Ni kweli Kajjansi uko karibu zaidi, lakini ni wa ndege ndogo. Anayetoka ng'ambo anashukia Entebbe, kama kilomita 40 kutoka Kampala.

Sasa turudi kwa mama wa Bowling Green. Kama mwanawe yuko ile ya Kentucky, mji una uwanja wake mdogo, lakini wageni wengi hushukia Nashville, herufi BNA, ambao uko jimbo jingine la Tennessee. Kutoka hapo ni kama kilomita 100 kwa gari. Kwa hiyo kijana akisema "nilishuka Nashville," hajapotea, mama, wala hakupelekwa pengine.

Mji wa Cincinnati nao ni wa Ohio, lakini uwanja wake, CVG, uko ng'ambo ya mto, ndani ya Kentucky.

MPAKA NA VITA HAVIONEKANI KWENYE RAMANI

Wenzetu wa Kivu hili wanalijua. Ukitafuta uwanja mkubwa wa karibu na Uvira, jibu ni Bujumbura, kama kilomita 20 hivi kwa mstari ulionyooka. Lakini hapo katikati kuna mpaka. Ukifungwa, hizo kilomita 20 zinakuwa safari ya siku nyingi, au hakuna safari kabisa.

Bukavu uwanja wake ni Kavumu, kama kilomita 30 kaskazini. Ramani inakuonyesha mwingine ulio karibu zaidi, Kamembe, lakini huo uko Rwanda. Na Goma, ramani inauchora uwanja katikati ya mji kama kawaida, wakati Januari 2025 ulifungwa vita vilipoingia mjini. Duara kwenye ramani maana yake ni kwamba uwanja umejengwa hapo. Kama leo ndege zinatua, au kama njia ni salama, duara halikwambii.

KWA WANAOSUBIRI SAFARI

Tunajua wako wanaosoma haya kwa uchungu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshapewa tarehe zikafutiwa safari. Ramani haiwezi kurudisha tarehe hiyo. Na tukumbushane: tiketi za wanaohamishiwa nchi nyingine hupangwa na shirika la IOM, na nafasi haiuzwi. Anayekuja na ramani nzuri na jina la uwanja akidai pesa akuweke kwenye orodha, huyo ni mwizi.

Kuna na wizi wa aina nyingine. Unapata ujumbe: "Mwanao amekwama uwanja wa ndege, tuma pesa haraka." Tulia kwanza. Uliza uwanja gani, herufi zake tatu ni zipi, halafu angalia kama unaendana na mji anaokaa. Hata ukiendana, mpigie mwanao mwenyewe kwa namba unayoijua kabla hujatoa hata shilingi.

Wazazi, fanyeni jambo moja wiki hii. Kila ndugu aliye mbali, mwandikeni kwenye daftari la nyumbani: jina lake, mji, jimbo, nchi, namba ya simu, na herufi tatu za uwanja wa karibu. Mpeni kijana wa nyumbani kazi ya kuzitafuta, naye amwonyeshe bibi mahali penyewe kwenye ramani. Simu zinaibiwa na namba zinapotea. Daftari likiwepo, mtu bado anatafutika.

Kuuliza si ujinga. Mwenye mji uliomshinda atuletee jina lake limeandikwa vizuri, tutautafuta pamoja. Mkae salama mpaka mwezi ujao.