Kutapika Kupita Kiasi Wakati wa Uja Uzito: Si Uvivu, Wala Si Uchawi

Katika nyumba nyingi, habari ya kwanza ya mimba huletwa na kichefuchefu. Mama akinusa vitunguu vikikaangwa, au moshi wa makaa, au omena wa jioni, mara hutoka nje mbio kwenda kutapika. Wazee wa kike huona wakatabasamu, maana jambo hili ni la kawaida: katika kila waja wazito 10, saba au wanane hivi huchefukwa. Aghalabu kichefuchefu huanza katika juma la tano au la sita, huzidi karibu na juma la tisa, na mimba ifikapo miezi minne au mitano huwa kimekwisha. Mama wa namna hii huchoka, lakini hula kidogo, hunywa, na kazi zake huziendesha.

Lakini wako wengine wachache, wasiozidi watatu hivi katika kila 100, ambao hali yao ni nyingine kabisa. Hao hutapika mara nyingi mchana na usiku, hata maji hayakai tumboni. Hali hiyo si udhaifu wa kawaida wa mimba changa. Ni ugonjwa, na ukiachwa huweza kuua. Yafaa kila mume, kila mavyaa na kila ndugu wa mgonjwa ajue tofauti ya hali hizi mbili, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana nguvu za kujisemea.

NYUMBA ILIYONGOJA

Mfano mmoja utaonyesha jinsi hatari hii iingiavyo nyumbani. Mke kijana ana mimba ya miezi miwili. Siku ya kwanza ya kutapika, mavyaa wake amwambia, "Mwanangu, hata mimi nilitapika mimba zangu zote, na shamba nililima. Jikaze." Siku ya tatu mume aambiwa kwamba mkewe anadeka, ataka kurudi kwao. Siku ya tano jirani anong'ona kwamba pana mkono wa mtu, na fedha zilizowekwa kwa nauli zapelekwa kwa mpiga ramli. Siku ya saba mgonjwa ajaribu kusimama, na aanguka mlangoni.

Hapo ndipo mume atafutapo pikipiki na kumpeleka kituo cha afya. Mwuguzi amtazama mgonjwa midomo, ambana ngozi ya mkono, kisha auliza swali moja: "Bwana, mkeo alikojoa lini mara ya mwisho?" Mume ashindwa kujibu.

Watu wa nyumba ile hawakuwa wabaya, na mgonjwa walimpenda. Walilokosa kujua ni jambo moja tu: maji ya mwilini yalikuwa yakiisha, na wao walikuwa wakihesabu siku.

ASILI YA UGONJWA

Zamani, hata katika nchi za Ulaya, madaktari wengine walidhani kwamba mwanamke atapikaye hivi anaikataa mimba moyoni mwake, au hampendi mumewe. Wagonjwa wengine walitengwa wasionane na jamaa zao, ati wapate kutulia. Mawazo hayo yalikuwa ya makosa.

Mwezi wa Desemba 2023 ulitangazwa uchunguzi wa wataalamu wa nchi kadha, miongoni mwao Bibi Marlena Fejzo wa Marekani na Bwana Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Bibi Fejzo alikuwa na sababu ya kuutafuta ukweli: yeye mwenyewe aliugua ugonjwa huu mwaka 1999, na mimba yake ikaharibika. Wataalamu hao walionyesha kwamba mtoto aliye tumboni pamoja na kondo lake hutoa homoni iitwayo GDF15, ambayo huingia katika damu ya mama na kuchochea mahali katika ubongo panapoleta kichefuchefu. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na homoni hiyo kidogo sana mwilini huathirika zaidi inapopanda kwa ghafula. Ni kama watu wawili wanaokula mchuzi mmoja wa pilipili: aliyeizoea hula akamaliza, asiyeizoea hutokwa na machozi. Hakuna aseme kwamba huyo wa pili ni mvivu.

Homoni hiyo si sababu peke yake, bali ni kubwa. Pia ugonjwa huu hufuata damu: mwanamke ambaye mama yake au dada yake aliugua yumo hatarini zaidi, na aliyeugua katika mimba moja aghalabu huugua tena katika nyingine. Mimba ya mapacha nayo huweza kuuzidisha.

Tena ugonjwa huu haubagui tajiri na maskini. Mwezi wa Desemba 2012, Catherine, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, alilazwa hospitalini mjini London kwa sababu yake, akapona, na mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kiume salama. Miaka mingi kabla yake, mwezi wa Machi 1855, mwandishi mashuhuri Charlotte Brontë alikufa katika nchi hiyohiyo akiwa na umri wa miaka 38, akiwa mja mzito, baada ya majuma mengi ya kichefuchefu na kutapika. Cheti cha kifo chake kilitaja ugonjwa wa kudhoofika, lakini wengi walioichunguza habari yake wameona kwamba huenda aliuawa na kutapika kwa mimba. Wakati wake haikuwako njia ya kumtia mgonjwa maji kwa mshipa kama ilivyo leo. Siku hizi njia hiyo iko, na kungoja nyumbani mpaka mgonjwa aanguke hakuna udhuru.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Mama ambaye kutapika kwake si kwingi aweza kusaidiwa sana nyumbani. Asingoje tumbo liwe tupu, kwa maana njaa huongeza kichefuchefu. Kabla ya kuondoka kitandani na ale kitu kikavu: kipande cha mkate, biskuti, au kiazi kilichochemshwa jana. Kisha ale kidogo kidogo kila baada ya saa mbili hivi, badala ya kungoja sahani kubwa ya mchana. Vyakula visivyo na mafuta mengi wala harufu kali, kama uji, ndizi na wali mtupu, hukaa tumboni vizuri zaidi. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kama kile cha moto.

Maji na yanywewe kwa funda ndogondogo katikati ya milo. Chai ya tangawizi huwasaidia wanawake wengine. Kama maji matupu yamtapisha, apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Pakiti za dawa hiyo zipatikanazo katika zahanati ni bora zaidi, kwa kuwa zimekwisha kupimwa.

Mama aliyepewa vidonge vya kuongeza damu, akiona vyamtapisha, asivitupe kimya kimya. Na amwambie mwuguzi, ambaye aweza kumbadilishia au kumwambia avimeze wakati mwingine. Vivyo hivyo mwenye kutumia dawa za Ukimwi au za kifua kikuu asiziache kamwe bila shauri la daktari. Wanawake wengine hutuliza tumbo kwa kula udongo uuzwao sokoni. Yafaa waache, maana udongo huweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, na huzuia chuma cha chakula kisiingie katika damu.

DALILI ZA HATARI

Mgonjwa apelekwe hospitalini siku ileile ikionekana hata moja ya dalili hizi:

(1) Maji hayakai tumboni kwa muda wa mchana mmoja na usiku mmoja.

(2) Hakukojoa kwa saa nane, au mkojo wake ni kidogo na mweusi kama chai ya rangi.

(3) Akisimama aona kizunguzungu, azimia, moyo wamwenda mbio, au achanganyikiwa.

(4) Amekonda sana. Mwanamke wa kilo 60 akipungua kilo 3, hiyo tayari ni alama ya ugonjwa.

(5) Atapika damu, au ana maumivu makali ya tumbo, au atokwa na damu ukeni.

(6) Ana homa. Kutapika kwa mimba hakuleti homa. Katika sehemu zenye mbu, kama pwani na kando ya Ziwa, homa pamoja na kutapika huweza kuwa malaria, ambayo humwua mama na mtoto upesi. Hapana budi damu ipimwe.

HUKO HOSPITALINI

Mgonjwa hupimwa uzito, damu na mkojo, na pengine tumbo lake hupigwa picha kwa mawimbi ya sauti, ili ijulikane kama mimba ni ya mapacha au si ya kawaida. Kisha hutiwa maji ya chumvi kwa mshipa, pamoja na madini aliyopoteza. Mgonjwa ambaye hakula kwa siku nyingi hupewa vitamini B1 kabla ya kutiwa maji ya sukari, kwa kuwa sukari bila vitamini hiyo huweza kumdhuru ubongo. Jamaa wasimwombe mwuguzi "chupa ya sukari ya kuleta nguvu" mbele ya dawa hiyo.

Dawa za kuzuia kutapika ziko, na baadhi yake, kama vitamini B6, zimetumiwa na waja wazito kwa miaka mingi. Lakini dawa na itoke kwa daktari, wala si kwa rafiki au duka la njiani. Ulimwengu ulijifunza jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi, na katika nchi nyingi ilitumiwa pia na waja wazito kwa kichefuchefu. Ilipoondolewa, kuanzia mwisho wa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamedhurika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi. Tangu hapo dawa huchunguzwa kwa ukali zaidi kabla ya kupewa mama mwenye mimba. Mgonjwa asizikimbilie ovyo, wala asiziogope akiandikiwa na daktari. Kutapika bila tiba ndiko kwenye hatari kubwa zaidi.

WAJIBU WA WATU WA NYUMBANI

Mgonjwa huyu hahitaji kuambiwa ajikaze. Ahitaji mtu mwingine apike, mbali na chumba chake. Ahitaji kikombe cha maji karibu, na mtu wa kumchotea. Ahitaji mume awekaye akiba ya nauli tangu mwezi wa kwanza, na mavyaa asemaye, "Mwanangu, twende tukapimwe." Akipona, na ahudhurie kliniki mapema katika mimba ijayo na kueleza yaliyompata, ili matibabu yaanze kabla hajadhoofika.

Mke wa yule bwana alitiwa maji kwa siku tatu, na siku ya nne akanywa uji usirudi. Mavyaa ndiye aliyekaa naye kitandani, akimshikia kikombe. Walipokuwa wakitoka, mwuguzi aliuliza tena swali lake la kwanza, na safari hii mume alijibu mara moja, kwa kutaja saa.