Maharage: Dawa ya majani si ya kila udongo

MFANYABIASHARA wa pembejeo au mwekezaji anayewakopesha wakulima wa maharage wa Kabanga, Kasulu na Kibondo anaweza kuletewa mbolea ya kupulizia majani inayosemekana kusaidia zao kuvumilia udongo wa chumvi. Kabla ya kutoa fedha, ni vema ajue kazi yake na mahali inapofaa.

Maharage ni miongoni mwa mazao dhaifu mbele ya chumvi. Mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo inapozidi kipimo cha desisimensi 1 kwa mita, ikifika 3.6, karibu nusu ya mavuno hupotea. Mizizi hushindwa kuvuta maji na kingo za majani huungua.

Mbolea ya majani hupeleka potasiamu, kalisi au zinki moja kwa moja kwenye jani bila kupitia mizizi iliyobanwa na chumvi. Katika majaribio, mimea iliyopuliziwa mara nyingi hupata nafuu. Lakini chumvi yenyewe hubaki ardhini. Huondolewa kwa maji safi mengi na mifereji ya kuyatoa shambani. Penye magadi huongezwa jasi. Hivyo soko la dawa hiyo ni kwenye mashamba ya umwagiliaji ya nyanda kame, kama Kahe mkoani Kilimanjaro.

Kigoma mambo ni tofauti. Ni kweli kwamba chumvi ya Uvinza imeuzwa tangu zamani, lakini hiyo hutoka kwenye chemchemi za bonde la Malagarasi, si kwenye mashamba ya milimani. Huko juu mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka huosha chumvi, na pamoja nayo kalisi na magnesi. Udongo hubaki na tindikali. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, alumini hudhuru mizizi na fosfati hunaswa. Maharage hudumaa na kugeuka manjano, na mtu akadhani ni chumvi.

Dawa ya tatizo hilo ni chokaa, samadi na fosfati. Ile ya Minjingu hufaa kwa sababu huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali.

Ushauri wetu ni huu. Kwanza, peleka sampuli ya udongo maabara, kwa mfano TARI Mlingano, ukaombe vipimo vyote viwili, pH na chumvi. Pili, ukitaka kujaribu dawa, acha mistari kadhaa bila kupulizia, kisha pima kilo za kila upande. Thamani ya kilo zilizoongezeka isipozidi gharama ya dawa, bomba na kibarua, hakuna biashara hapo. Tatu, pulizia asubuhi au jioni, wala usizidishe kipimo, kwani dawa kali huunguza majani.

Mkopo uliotolewa kwa dawa isiyohusika na udongo hulipwa kwa shida. Pima kwanza, ununue baadaye.